Madaraja ya Mtwara na Mito Isiyopimwa

Mji wa Mtwara umekaa baina ya mito miwili mikubwa. Kusini uko mto Ruvuma, ambao ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji; kaskazini, katika njia iendayo Dar es Salaam, uko mto Rufiji. Mfanyabiashara wa Magomeni mjini humo, akitaka kusafirisha mzigo wake kwa barabara ya pwani, awe anakwenda Dar es Salaam au Msumbiji, hana budi kuuvuka mmojawapo. Iko njia ya tatu, ipitayo Masasi, Tunduru na Songea, nayo haiivuki mito hiyo. Lakini atakaye kufika Dar es Salaam kwa njia hiyo atasafiri zaidi ya kilometa 1,500 badala ya kilometa 560 za barabara ya pwani. Yeyote aliyepata kulipa nauli ya mzunguko wa namna hiyo hahitaji kuelezwa thamani ya daraja.

Ndiyo sababu historia ya vivuko vya mito hiyo si habari ya wahandisi peke yao. Na ukiitazama historia hiyo tangu mitumbwi hadi nguzo za zege, jambo moja linajitokeza: kila kivuko kipya kimeondoa kikwazo mahali pamoja, na kikwazo hicho kikahamia mahali pengine ambapo hakuna aliyekitazamia. Watu husema ni bahati mbaya, au ni hasira za mvua. Hoja ya makala haya ni kwamba si bahati wala hasira. Ni upungufu wa vipimo.

Ruvuma huchimbuka katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, ukasafiri takriban kilometa 800 hadi Bahari ya Hindi. Ni mto mpana, wenye mchanga mwingi, na kina chake hubadilika sana kati ya masika na kiangazi. David Livingstone aliupanda mwezi Machi 1861 kwa meli ndogo iitwayo Pioneer, akitumaini kuwa amepata njia ya maji ya kuingilia bara. Maji yalipoanza kupungua alilazimika kugeuza meli, asije akaachwa juu ya mchanga. Alirudi Septemba 1862 kwa mashua, na safari hiyo akazuiwa na miamba. Alipokuja tena mwaka 1866 alishuka Mikindani akaenda kwa miguu. Yamkini uamuzi huo wa tatu ndio uliokuwa wa kisayansi kuliko yote, maana ulitokana na mto wenyewe na haukutokana na matumaini.

Wenyeji wa kingo zote mbili hawakuhitaji somo hilo. Wamakonde wa Tanzania na wa Msumbiji walivuka na wanavuka kwa mitumbwi, wakijua ni mwezi gani unaingia majini kwa miguu na mwezi gani huthubutu. Majeshi nayo yaliutumia ujuzi huo. Tarehe 25 Novemba 1917, kabla mvua hazijakolea, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck liliuvuka Ruvuma kwa miguu karibu na Negomano, mahali ambapo mto Lugenda unaingia katika Ruvuma, likaiteka ngome ya Wareno. Miaka 47 baadaye, mwaka 1964, wapiganaji wa FRELIMO waliuvuka mto huohuo kutoka upande wa Tanzania kwenda kuanza vita vya ukombozi.

Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, wazo la kuziunganisha nchi hizo mbili kwa daraja lilianza kuzungumzwa katika ngazi za juu. Lilichukua miaka 35. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005, na tarehe 12 Mei 2010 Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza walilifungua Daraja la Umoja, lenye urefu wa meta 720, baina ya Mtambaswala na Negomano. Ni kazi nzuri ambayo nchi mbili zisizo tajiri zilishirikiana kuigharimia. Hata hivyo, kutoka Mtwara mjini hadi daraja hilo ni zaidi ya kilometa 300, kupitia Masasi na Mangaka, na upande wa Msumbiji barabara ya kwenda Mueda ilibaki ya udongo kwa miaka mingi baada ya ufunguzi. Kwa hiyo mtu wa Mtwara mwenye shughuli Palma au Mocímboa da Praia hakuona daraja hilo kuwa lake. Aliendelea kwenda Kilambo, mwendo mfupi kutoka mjini, na huko akangoja.

Akangoja nini? Bahari. Kilambo iko karibu na mdomo wa mto, mahali ambapo maji ya Ruvuma hukutana na maji ya bahari yanayojaa na kupwa mara mbili kila siku. Katika pwani ya Mtwara, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi meta 3. Pantoni inayobeba magari huhitaji kina cha kutosha. Maji yakipwa wakati wa kiangazi mafungu ya mchanga hutokeza, na pantoni haiwezi kupita mpaka maji yarudi. Msafiri aliyezoea alijua kusoma mwezi angani kabla ya kufunga mzigo. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana, angeweza kukaa kutwa nzima.

Baadaye likaja jambo lisilo la maji. Tangu Oktoba 2017, mashambulio ya kigaidi yalipoanza Mocímboa da Praia, biashara ya mpakani ilidhoofika, na mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kilishambuliwa. Hayo yanatajwa hapa kwa kifupi tu, kwa kuwa hata kivuko kilicho bora hakimfai mtu asiyekuwa na amani ng'ambo. Lakini amani ikiimarika, dai la daraja la Kilambo litasikika tena kwa nguvu, na litakuwa dai la haki. Suala ni je, siku hiyo wahandisi watakuwa na takwimu gani mezani?

Kabla ya kulijibu inafaa kuugeukia mto wa kaskazini, maana huko ndiko funzo lilikolipiwa kwa bei ghali.

Kwa miongo mingi barabara ya Mtwara kwenda Dar es Salaam ilikatwa na Rufiji. Bonde la mto huo lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Magari yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu. Masika yakija, mto ulitanda nje ya kingo zake, na barabara za udongo za pande zote mbili ziligeuka tope. Abiria wa Mtwara na Lindi walipanda meli, au wakalala njiani, au wakaahirisha safari hadi Juni. Reli nayo haikuwapo. Ile reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo imebaki jina la mtaa mjini Mtwara.

Mwaka 2003 daraja la Rufiji lilifunguliwa na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Lina urefu wa meta 970. Kwa watu wa kusini hilo lilikuwa tukio la kihistoria, na furaha yao ilikuwa ya haki. Lakini kipande cha barabara cha kilometa 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa cha udongo kwa takriban mwongo mmoja zaidi. Wakati huo wote mabasi yalivuka mto mkubwa kwa dakika chache, kisha yakazama katika tope upande wa pili. Kikwazo kilikuwa kimehama kilometa chache tu.

Lami ilipokamilika, wengi walidhani mambo yamekwisha. Malori ya korosho na, tangu kiwanda cha Dangote kilipoanza kazi Mtwara mwaka 2015, malori ya saruji yaliijaza barabara hiyo. Kisha, tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kikaifikia pwani. Mvua zilizoambatana nacho ziliangukia ardhi iliyokwisha kushiba maji ya masika, na barabara ikakatika mahali kadhaa wilayani Kilwa, ikiwa ni pamoja na Somanga na Mikereng'ende. Daraja la Mkapa halikudhurika. Kilichosombwa ni makalavati, madaraja madogo na matuta ya barabara katika vijito ambavyo msafiri wa kiangazi hupita bila kujua kuwa ni vijito. Kwa siku kadhaa Mtwara na Lindi zilitengwa na Dar es Salaam kwa njia ya barabara ya pwani. Mwezi Aprili 2025, barabara ilikatika tena hapo hapo Somanga.

Wakati huohuo gesi ya Mtwara iliendelea kusafiri kwenda Dar es Salaam katika bomba lililozinduliwa mwaka 2015, likipita chini ya ardhi katika ukanda huohuo. Wenye kukumbuka malalamiko ya Mtwara ya mwaka 2013 kuhusu gesi hawatashangaa kwamba jambo hilo lilizungumzwa sana vijiweni.

Sasa, kwa nini kijito kishinde pale ambapo mto mkubwa ulishindwa? Jibu limo katika hesabu inayofanywa kabla ya ujenzi. Mhandisi hawezi kujenga daraja la kupitisha kila mafuriko yanayoweza kufikirika. Gharama yake haitalipika. Huchagua kiasi cha mafuriko anachokusudia kukihimili. Kwa daraja kubwa huweza kuchukua mafuriko yanayotazamiwa kufikiwa au kupitwa mara moja katika miaka 100. Kwa kalavati huridhika na yale ya mara moja katika miaka 25 au pungufu.

Maneno hayo, "mara moja katika miaka 100", hupotosha watu wengi, hata viongozi. Husikika kana kwamba mafuriko hayo yakishatokea mwaka huu, taifa litapumzika kwa karne nzima. Sivyo. Chukua mfuko wenye korosho 100, moja ikiwa imetiwa rangi nyeusi. Kila mwaka ingiza mkono bila kutazama, toa korosho moja, kisha irudishe. Nyeusi yaweza kutoka mwaka wa kwanza, na yaweza kutoka tena mwaka wa pili. Ukiendelea hivyo kwa miaka 50, ambao ni umri mdogo kwa daraja, uwezekano wa nyeusi kutoka walau mara moja ni karibu asilimia 40. Na kwa kalavati la mafuriko ya miaka 25, uwezekano wa kupitwa ndani ya miaka 25 ni asilimia 64. Barabara yenye makalavati mengi kama hayo katika mabonde mbalimbali ni sawa na kuchota katika mifuko mingi kwa mwaka mmoja. La kushangaza si kwamba barabara ilikatika. La kushangaza ni kwamba ilichukua muda mrefu hivyo.

Tena hapo ni iwapo hesabu yenyewe ni sahihi. Ili kujua mafuriko ya miaka 100 ni makubwa kiasi gani, lazima uwe na kumbukumbu za mtiririko wa mto kwa miongo mingi. Rufiji una bahati katika jambo hilo: maji yake yalianza kupimwa kwenye korongo la Stiegler tangu miaka ya 1950, kwa sababu wakoloni na baadaye Serikali huru walifikiria kujenga bwawa la umeme huko. Bwawa hilo, la Julius Nyerere, lilianza kujazwa Desemba 2022. Vijito vya Kilwa havikuwa na bahati hiyo. Hakuna aliyetaka umeme kutoka kijito cha Somanga. Mahali pasipo na vipimo, mhandisi hukisia kwa kutumia ukubwa wa eneo linalochangia maji, kiasi cha mvua kilichopimwa kwenye vituo vya mbali, na kanuni zilizotungwa kwa nchi nyingine. Huo si uzembe wa mhandisi, bali ni umaskini wa takwimu.

Wako wanaosema vimbunga ni jambo geni katika pwani ya Tanzania, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kuvizingatia. Kauli hiyo haina msingi. Unguja ilibomolewa na kimbunga mwezi Aprili 1872, na wapanda karafuu waliikumbuka hasara yake kwa vizazi. Lindi ilipigwa na kimbunga mwezi Aprili 1952. Ukiongeza Hidaya, hiyo ni mitatu katika miaka 152, na bahari inazidi kupata joto. Jambo lenye kumbukumbu tatu ni adimu, lakini si geni.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni nguvu ya maji yenyewe. Tuta la barabara linalokatiza bonde ni bwawa, hata kama aliyelijenga hakukusudia hivyo. Maji yote ya bonde hulazimishwa kupita katika tundu dogo la kalavati. Maji yakibanwa huongeza kasi, na kasi ndiyo inayoharibu. Kanuni ya zamani ya elimu ya mito husema kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma huongezeka takriban mara 64. Ndiyo maana mchanga uliotulia miaka 20 chini ya msingi wa kalavati huweza kuondoka usiku mmoja. Maji yakizidi tundu, hupanda juu ya lami, yakaanguka upande wa pili na kulila tuta kutoka nyuma. Asubuhi watu hukuta kalavati likiwa zima limesimama peke yake, na barabara haipo. Picha za namna hiyo zilionekana sana Mei 2024, na wengi walizifanyia mzaha. Zilikuwa na maelezo ya kutosha: tundu lilikuwa dogo kuliko maji.

Baada ya maafa hayo kazi ya kujenga madaraja makubwa zaidi mahali pa makalavati ilianza. Ni hatua ya kupongezwa, lakini mtu anaweza kuuliza: makubwa kiasi gani, na kwa kipimo kipi? Ikiwa ukubwa mpya umetokana na alama za maji zilizoachwa kwenye kuta na miti mwaka 2024, basi mafuriko yajayo yamechukuliwa kuwa sawa na yaliyopita. Kipimo kimoja ni bora kuliko kutokuwa na chochote. Hata hivyo hakitoshi kubeba fedha za umma kwa miaka 50.

Rudi sasa Kilambo. Daraja mahali hapo litakuwa kazi ngumu kuliko la Mtambaswala. Mto ni mpana, chini yake ni mchanga na tope lililoletwa kwa maelfu ya miaka, na maji hukimbia pande mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo nguzo zitaliwa kutoka mbele na nyuma. Mkondo mkuu nao haukai mahali pamoja. Rufiji umekwisha kutoa mfano: katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji yake iliyahama matawi ya kusini ya delta ikaingia ya kaskazini, na watu wa kusini wakaona maji ya chumvi yakipanda hadi mashamba ya mpunga. Mto ukifanya hivyo chini ya daraja, nguzo hubaki juu ya mchanga mkavu, na maji hula tuta lililojengwa kwa kuaminiwa kuwa ni nchi kavu.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya bonde la Ruvuma, yapata theluthi mbili, iko Msumbiji. Maji ya Lugenda yanayofika Kilambo yananyesha katika nchi nyingine. Kumbukumbu za mto huo zina mapengo, na haishangazi, kwa kuwa vita vya ukombozi na vita vilivyofuata ndani ya Msumbiji hadi mwaka 1992 havikumwachia mtu nafasi ya kwenda kusoma kina cha maji. Hivyo kipimo cha Ruvuma ni lazima kiwe cha nchi mbili. Mataifa yaliyoweza kujenga meta 720 za zege kwa pamoja hayawezi kushindwa kubadilishana daftari la vipimo.

Pingamizi linajulikana. Watasema wananchi wa Mtwara wamengoja vya kutosha, na kuwaambia wangoje tena wakati wataalamu wanapima maji ni dhihaka. Pingamizi hilo lina uzito, na aliyepata kusafiri na mgonjwa katika barabara iliyokatika ana haki ya kulitamka kwa sauti kubwa. Lakini hakuna anayelazimika kungoja. Fedha za daraja la Kilambo hazitapatikana kesho. Daraja la Umoja lilichukua miaka 35 tangu wazo hadi utepe. Kama vipimo vingeanzishwa siku wazo lilipozaliwa, pangekuwapo kumbukumbu za miaka 35 kabla ya ufunguzi, bila kumchelewesha mtu hata siku moja. Muda wa kutafuta fedha ndio muda wa kupima, na ni muda ambao hadi sasa umekuwa ukipotea bure.

Wala vyombo vya kuanzia si vya ajabu. Ofisi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini ipo Mtwara mjini. Kinachotakiwa kwenye kila kijito kinachokatiza barabara ya pwani, kuanzia Mingoyo hadi Ndundu, ni ubao wenye alama za sentimeta uliosimikwa imara majini, chombo cha kupimia mvua sehemu ya juu ya bonde, na mtu wa kijiji hicho anayelipwa kwa wakati ili asome vyote viwili kila siku saa tatu asubuhi, na kila saa wakati wa mafuriko. Mara chache kwa mwaka fundi apime kasi ya maji, ili kina kigeuzwe kuwa meta za ujazo kwa sekunde. Vyombo vya kisasa vinavyotuma vipimo kwa simu vipo na vinafaa, ila huibiwa, huharibika na huhitaji vipuri. Ubao hauhitaji betri.

Gharama ya ubao huo na posho ya msomaji kwa mwaka mzima ni ndogo mno ukiilinganisha na hasara ya malori yaliyosimama Somanga kwa siku moja ya Mei 2024. Kinacholeta ugumu ni kwamba ubao haufunguliwi na kiongozi, haukatiwi utepe, na faida yake huonekana baada ya yule aliyeidhinisha fedha kustaafu. Bajeti inapopunguzwa, posho ya msomaji wa mto ndiyo ya kwanza kukatwa, na pengo la miezi sita katika daftari halizibiki tena kwa fedha yoyote, kwa kuwa maji ya miezi hiyo yamekwisha kwenda baharini.